Tulale Ndani ya Lango au Nje

Butali, Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025

Paspoti imetoka! Sylvia, imetoka, iko hapa mezani kando ya sufuria ya chai, na picha yangu iko ndani natazama mbele kama mkuu wa polisi!

Haya, sasa nikusalimie. Hamjambo huko Abu Dhabi? Wajukuu wangu Cherono na Philip wanakula vizuri? Na mkwe wangu Kipngeno, ile kazi yake ya kutengeneza lifti inaendelea? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Ni hili goti la kushoto tu linanisumbuanga asubuhi, lakini nikishalipaka dawa linakubali kwenda shamba. Baba yako Osundwa ni mzima pia. Amesema tena kwamba ndege hapandi, hata mumtumie ya kwake peke yake. Anasema mwenye kutaka kumwona aje Butali, barabara ipo. Kwa hivyo nakuja peke yangu.

Nakuandikia kwa karatasi halafu napiga picha na kuituma kwa simu, kwa sababu nikikupigia wewe unasemanga "mama, niko zamu" kabla sijafika katikati ya jambo. Karatasi hainikatizi.

Jana baada ya ibada niliwaambia akina mama wa kikundi. Nilisimama, Sylvia. Nikasema, huyu mtoto wangu mliyemwona akibeba maji hapa na mtungi wa manjano sasa ni nesi Uarabuni, na Desemba ananipeleka mahali wamejenga mji mzima wa kucheza. Treni zinapanda juu kama zinaenda mbinguni, halafu zinaanguka, watu wanapiga mayowe na wamelipa! Emily akauliza, "Na utalala wapi, Mama Sylvia?" Unamjua Emily. Tangu kijana wake ampeleke Mombasa hatujapumua. Hata tukiombea mgonjwa lazima tusikie dirisha lake lilivyoangalia bahari. Nikamwambia, "Mimi nitalala ndani kabisa ya ule mji, na dirisha langu litaangalia minara yake." Walipiga makofi mpaka mchungaji akachungulia.

Kwa hivyo umesikia. Ile hoteli ya ndani. Usiniaibishe.

Ni mimi mama yako.


Abu Dhabi, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025

Mulembe, mama yangu.

Natumaini wewe na baba mko salama na mahindi yameanza kukomaa. Huku ni joto tu, hata maji ya mfereji yanatoka moto. Watoto ni wazima. Philip ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mzee. Kipngeno anakusalimu sana kwa heshima.

Picha ya paspoti nimeionyesha kila mtu wodini. Hongera, mama. Miaka mitatu nimengoja hiyo karatasi.

Siku utakazokuwa hapa mjini utalala kwa Beverlyne, yule mwenzangu wa Khwisero. Mlango wake unafuata wetu, na ameshanunua godoro jipya kwa ajili yako. Huko kwenye mji wa michezo tutakaa siku tatu, na kuhusu hoteli ngoja nikueleze kabla hujawaahidi akina mama vitu vingine.

Ziko mbili. Ya ndani iko kando ya lango lenyewe. Ukilala pale unaingia saa nzima kabla ya watu wa nje, unakuta foleni bado fupi. Ukichoka saa saba unarudi chumbani, unanyoosha goti, na jioni unarudi tena. Minara unaiona, na fataki wakizirusha unaziona ukiwa kitandani. Ya nje iko ng'ambo ya barabara kuu. Ni safi lakini ya kawaida, vyumba vidogo, na basi lao linakuja kila nusu saa. Dirisha linaangalia maegesho ya magari.

Mwenzangu mmoja Mfilipino amelala kote kuwili. Anasema ya ndani ni tamu, lakini watoto wake walikumbuka tu zile treni. Na bei inayozidi, mama, inatosha kutuingiza sisi wote siku ya nne. Kipngeno anasema, "Chumba ni cha kufumba macho. Nani analipa zaidi ili afumbe macho?"

Mimi sijui. Moyo wangu unataka ya ndani. Niambie unavyoona.

Binti yako, Sylvia.


Butali, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025

Kwako mwanangu Sylvia,

Nakusalimu, na baba yako anakusalimu, na ng'ombe angeweza angekusalimu pia, amezaa juzi ndama jike. Mwambie Philip hayo meno mapya yakija ayatumie kwa muwa. Nitakuja nao kama watu wa ndege watakubali.

Kuhusu hoteli nimesoma maneno yako yote, nimeyapima, na nimekata shauri. Ya ndani.

Mwambie mkwe wangu amesema vizuri, lakini mimi sitafumba macho. Nimefumba macho hapa Butali miaka sitini na mbili, naona giza lile lile. Huko nitayafumbua. Kampuni ikishavuna miwa yetu ya upande wa chini, nitaongezea kwa hiyo bei, na usibishane nami. Na hili goti? Nitapiga foleni saa nne juani na goti kama hili, halafu ningoje basi? Hapana. Nataka nikichoka niseme tu, "Mimi naenda chumbani kwangu," niende, niangalie minara na miguu juu ya mto.

Pia nimeshawaambia akina mama kwamba ni saa moja kabla ya watu wengine. Hiyo iliwaingia sana. Emily alisema huko Mombasa bahari haina foleni. Tukamwacha.

Lipa. Usiogope.

Mama yako anayekupenda.


Abu Dhabi, Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025

Mulembe, mama.

Habari za huko, habari za ndama? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimelipa! Ya ndani! Vyumba vya kawaida viwili vilikuwa bei ya kutisha, kwa hivyo nimechukua chumba cha familia, ile aina kubwa yao kabisa. Nimekutumia na video. Ukiingia unakuta sebule, na dirisha ni ukuta mzima, minara iko pale mbele yako. Mimi na Kipngeno tunalala chumba cha upande wa kulia, watoto wana vitanda vya kupandana kule kwenye kona, na cha kwako, mama, kinashuka kutoka ukutani ukibonyeza kitufe, hapo hapo mbele ya dirisha. Bafu ni moja lakini ni kubwa kuliko jikoni yetu ya zamani. Bado wanaturuhusu kubadilisha mpaka mwisho wa Septemba, lakini nani atabadilisha?

Cherono ameichora kwa daftari yake. Amekuchora wewe kitandani na taji. Nilipomwonyesha Kipngeno alisema tu, "Ni kuzuri." Alikuwa amechoka, lifti tatu zilikwama siku moja.

Nijibu haraka nijue umefurahi.

Binti yako, Sylvia.


Abu Dhabi, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025

Mama, salamu.

Ni wiki mbili. Video umeiona, simu inanionyesha umeiona. Nilipiga Jumanne ukasema mvua inanyesha kwa mabati husikii, na baba alikuwa nyuma yako akiuliza mvua gani. Kama unaumwa sema. Kama ni pesa ya miwa haijaingia, sijali, achana nayo. Kama nimekosea, niambie nilipokosea.

Binti yako.


Butali, Jumatatu tarehe 15 Septemba 2025

Sylvia mwanangu,

Siumwi. Goti ni lile lile. Hujambo, na watoto hawajambo? Hapa tunavuna mahindi, mikono imejaa, lakini hiyo siyo sababu ya kunyamaza kwangu, nisidanganye mara ya pili.

Ile video ilipofika sikungoja kuiangalia vizuri. Niliona dirisha, nikaona minara, nikakimbia nayo kwa kikundi. Nikawapa simu waipitishe mkono kwa mkono. Mmoja anasema, "Woi, ukuta wote ni kioo!" Mwingine anasema, "Mama Sylvia, huko usitembee na petikoti." Tukacheka. Ikafika kwa Emily. Akaiangalia mara ya kwanza, akaiangalia mara ya pili. Akauliza polepole, hata siyo kwa ubaya, "Hapa mimi naona mlango mmoja wa kuingilia. Na Kipngeno naye analala wapi?"

Aliyekuwa anamenya ndizi akaacha.

Nikasema, "Kipngeno haendi. Ana kazi."

Nilidanganya, Sylvia, na Biblia iko kwa magoti. Kisha nikaja nyumbani nikaiangalia hiyo video kwa macho yangu mwenyewe, nikahesabu hatua. Kutoka kitanda changu cha ukutani mpaka mlango wa chumba chenu ni hatua nne. Na bafu ni hiyo moja.

Wewe umekaa mbali sana mpaka umesahau? Tangu siku watu wake walikuja hapa kukuposa, mimi na yule kijana tunaheshimiana. Hatujawahi kusalimiana kwa mkono. Akija hapa anasimama nje mpaka nikae. Mwaka ule mlikuja na Cherono mchanga, alilala kwa baba yako mdogo, na mvua ilikuwa inanyesha ya mawe, na hakusema neno. Sasa asubuhi mimi natoka bafuni na leso kifuani na maji yanadondoka, yeye anaingia na mswaki mdomoni. Tuambiane nini? "Habari ya asubuhi, mkwe"? Nitakufa nikiwa nimesimama! Na usiku akikoroma, mimi mama mkwe nimsikie? Na mimi nikikoroma? Baba yako anasemanga nakoroma kama trekta la kampuni.

Siwezi. Siyo kwamba namchukia, ni kwamba namheshimu.

Kwa hivyo nendeni nyinyi wanne mlale huko kwa minara, watoto wafurahi. Mimi nitabaki kwa Beverlyne, au nibaki Butali kabisa. Akina mama nitajua la kuwaambia.

Mama yako.


Abu Dhabi, Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025

Mama yangu,

Nakusalimu na nakuomba msamaha kabla sijasema lingine.

Sikusahau kabisa. Nilikumbuka nyumbani kwangu, ndiyo maana nilikutafutia kwa Beverlyne. Lakini nilifikiri hoteli si nyumba ya mtu. Hakuna mwenye nyumba pale, kwa hivyo nikaona hakuna mkwe. Watu wa huku wanalala hivyo, nyanya na wakwe na wote, na hakuna anayeangaliwa vibaya. Nimeishi nao mpaka macho yangu yamekuwa kama yao.

Nilimsomea Kipngeno barua yako. Alipofika pale pa trekta alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua siku ile ulilipa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mama alitaka minara."

Alikuwa amepanga kulala kwa gari, mama. Siku zote tatu, huko kwenye maegesho. Angeniambia kuna lifti imekwama mahali, aende, halafu arudi asubuhi amekunjika. Kwa Wakipsigis wenzake nao ni hivyo hivyo, anasema, na hawezi kukupita ukiwa umelala. Sasa amefanya jambo lingine. Ameshaongea na bosi wake achukue zamu za wiki hiyo nzima. Anasema hivyo ulivyowaambia akina mama itakuwa kweli, hutakuwa umedanganya, na wewe ulale mbele ya dirisha lako. Cherono alisikia. Amesema kama baba haendi, na yeye haendi. Philip yeye anataka treni tu, na kwa hiyo treni bado ni mfupi.

Kwa hivyo ni moja kati ya mawili. Tukae ndani bila Kipngeno. Au turudi ile ya nje, vyumba viwili, milango miwili, wewe ulale na watoto. Huko hakuna minara, ni maegesho tu, na basi. Kwa goti lako, pale langoni wanaazimisha kiti cha magurudumu, nimeuliza. Na ile siku ya nne tutaipata.

Lakini niseme la moyoni. Nimekesha wodini na wagonjwa wa watu wengine miaka mitatu nikifikiria kitu kimoja, mama yangu aamke aone kitu kizuri kabla hajatoka kitandani. Haikuwa kwa sababu ya Emily. Ilikuwa yangu mimi. Kama utasema tulale nje nitalia kidogo, halafu nitabadilisha. Nataka tu useme wewe mwenyewe, na usiseme unabaki Butali, maana hilo silikubali.

Mwisho wa kubadilisha ni tarehe thelathini.

Binti yako, Sylvia.


Butali, Jumapili tarehe 28 Septemba 2025

Badilisha! Badilisha leo, kabla hujamaliza kusoma!

Ukishabadilisha ndipo tusalimiane. Hujambo mwanangu? Umelia? Lia kidogo kama ulivyosema, halafu unawe uso. Mimi pia nililia, hapa jikoni, baba yako akafikiri ni moshi.

Nimekaa na barua yako siku tisa. Nisikuongopee, siku tatu za kwanza nilikuwa nataka minara. Nilijiambia, si huyo kijana mwenyewe amekubali? Si amechukua zamu kwa hiari yake? Nilale, niamke, nione. Kisha nikamfikiria yuko huko juu ya lifti ya watu, watoto wake wako kwa treni wanamwita baba, na mimi mama mkwe nimejinyoosha mbele ya kioo kama malkia. Hiyo heshima ingekuwa ya namna gani? Yeye ananiheshimu mpaka analala kwa gari, mimi namheshimu mpaka nakula nafasi yake? Hapana. Baba ya watoto hawezi kubaki nje ndio mimi nione taa. Na uongo wangu sitaki mtu anisaidie kuugeuza kweli. Niliusema mwenyewe, nimeuondoa mwenyewe.

Maana leo nimesimama. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye tangazo, mguu ukainuka kabla ya akili. Nikasema, "Akina mama, nilisema mkwe wangu haendi. Nilidanganya. Anaenda. Na hoteli ya ndani hatulali, tunalala ya nje, ng'ambo ya barabara, na dirisha langu litaangalia magari."

Emily akasema, "Kwani mmeshushwa?"

Nikamwambia, "Hatujashushwa. Ile ya ndani ilikuwa na mlango mmoja na bafu moja. Kwa hiyo bei wameshindwa hata kuweka mlango wa mama mkwe."

Kanisa likacheka, na Emily akacheka. Kisha nikawaambia habari ya gari. Nikawaambia kuna kijana hapa duniani, tena si wa kwetu, ni wa Kericho, aliyekuwa tayari kukunjika kwa kiti cha gari siku tatu asinivunjie heshima, na hakutaka hata nijue. Hapo hawakucheka. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Huyo hana ndugu? Mimi nina wasichana wawili." Mpaka sasa wananisimamisha njiani kuuliza habari ya Kipngeno. Dirisha hakuna anayeliuliza tena. Nimekuwa na mali kubwa hivi miaka kumi na nilikuwa sijui kujivunia!

Sasa sikiliza mipango, na usipunguze hata mmoja. Vyumba viwili, na kama vitakuwa ghorofa mbili tofauti ni vizuri zaidi. Mimi nalala na Cherono na Philip. Nitawasimulia hadithi mpaka walale, na nikikoroma ni wajukuu wangu watanivumilia. Siku ya nne tunaichukua. Kiti cha magurudumu uniazimie, sitaona haya. Unisukume wewe asubuhi na Cherono mchana. Kipngeno asinisukume. Basi tutalingoja, mimi nimengoja matrekta ya miwa wiki tatu barabarani, nusu saa ni nini? Hizo fataki tutaziangalia tukiwa tumesimama nje na watu wengine, kila mtu mahali pake, halafu twende tukalale. Na wewe usisononeke. Kitu cha kuona kabla sijatoka kitandani nitakuwa nacho. Watoto wako watakuwa wamelala pale pale kando yangu, na sijawahi kuamka nikawaona wote wawili hata siku moja.

Mwambie bosi wa Kipngeno atafute mtu mwingine wa zamu. Na mwambie Kipngeno mwenyewe, kwa maneno yangu haya haya, kwamba mimi ndege napanda kwa sharti. Nikitoka kwa ule mlango wa uwanja wa ndege na begi langu, nikahesabu vichwa, nikapata vitatu, nageuka hapo hapo narudi Butali, na ile tiketi wataniuzia ya kusimama kama hakuna kiti. Asimame mbali kidogo kama kawaida yake, nitamwona. Nitamsalimia kwa mdomo, naye ataniitikia akiangalia chini, na tutakuwa tumekutana vizuri kuliko watu wa kukumbatiana.

Baba yako anasema niwaambie ndama ameachishwa kunyonya na anakula majani. Nimemwambia hiyo si habari ya ng'ambo, lakini amekaza.

Nafika saa tano asubuhi. Nawangoja nyote wanne pale mlangoni, Jumapili tarehe kumi na nne Desemba.

Ni mimi mama yenu, na mama mkwe wa Kipngeno.